Umbo la kizimba cha metali na mgeni anayekaa ndani: mwongozo kamili wa kubuni, kupima na kusoma matokeo

Mwaka 2006 kundi la Makoto Fujita wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilichapisha kazi ambayo naiona kuwa somo bora kuliko yote kuhusu jambo hili. Walitengeneza vyombo viwili vya molekuli, kila kimoja kwa atomi sita za paladi na ligandi nne, yaani molekuli zinazoshikamana na metali. Metali ni ileile, idadi ni ileile, hata fomula ya ligandi ni ileile. Tofauti ipo mahali pamoja tu: katika ligandi ya kwanza pete za piridini zimeungwa na kiini kwa nafasi ya nne, katika ya pili kwa nafasi ya tatu. Badiliko hilo dogo lilitosha kukifanya chombo kimoja kuwa kizimba kilichofungika pande zote, na kingine kuwa bakuli lililo wazi upande mmoja.

Kisha wakaweka ndani ya maji wageni wawili, jamii ya anthrasini na jamii ya maleimidi, ambao hukutana kwa mmenyuko wa Diels-Alder, unaoziunganisha molekuli mbili kwa kuunda pete mpya. Kwa kawaida maleimidi hushika pete ya kati ya anthrasini, kwa sababu ndiyo iliyo tayari zaidi kumenyuka. Ndani ya kizimba ilishika pete ya pembeni, kwa kuwa wageni walibanwa katika mkao usiowaruhusu kukutana kwingine. Zao likabaki humohumo. Ndani ya bakuli mmenyuko ulifuata njia ya kawaida, lakini zao lilipojikunja halikulala tena vizuri kwenye uso wa bakuli, likatoka lenyewe na kuwapisha wageni wapya. Mabakuli machache yakahudumia wageni wengi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia au mtafiti anayeanza, anayetaka kujibu swali hilohilo kwa vipokezi vyake mwenyewe: umbo linachangia kiasi gani katika kumshika mgeni, na utalitenganishaje na mambo mengine yote yanayobadilika pamoja nalo? Kipokezi, au mwenyeji, ni molekuli kubwa yenye uvungu. Mgeni ni molekuli au ioni inayokaa humo bila kuungwa kwa kani kovalenti. Nguvu ya kushikana kwao tunaipima kwa thabiti ya ushikamano, K; kipimo chake ni M⁻¹ (lita kwa mola), na kadiri K ilivyo kubwa ndivyo mgeni anavyoshikwa kwa nguvu zaidi.

Hatua ya 1: Jua umbo linatoka wapi

Linaanzia kwenye metali. Paladi yenye chaji 2+ hushikwa na atomi nne zilizokaa kwenye mraba bapa, kwa pembe za nyuzi 90. Ukiziba nafasi mbili jirani kwa ethilinidaiamini, zinabaki mbili zinazotazama pande za kona. Kona nne na vijiti vinne vya 4,4'-baipiridini hujipanga kuwa mraba, ule ambao Fujita aliutangaza mwaka 1990. Ndani ya maji mraba huo ulimshika 1,3,5-trimethoksibenzini kwa K ya takriban 750 M⁻¹. Kona sita na ligandi nne za pembetatu hutoa kizimba cha mwaka 1995, ambacho ndicho tulichoanza nacho.

Chuma, kobalti na gali hushikwa na atomi sita. Ligandi tatu zinazoshika kwa sehemu mbili kila moja zikiizunguka metali hiyo, unapata kipeo chenye mikono mitatu. Vipeo vinne na kingo sita ni piramidi ya nyuso nne, kama kizimba cha gali cha Kenneth Raymond wa Berkeley, chenye chaji 12-. Vipeo vinane na kingo kumi na mbili ni mchemraba, kama ule wa kobalti wa Michael Ward, wenye chaji 16+.

Baada ya metali inafuata pembe ya ligandi, na hapa ndipo wengi hukosa umakini. Mwaka 2010 kundi la Fujita lilionyesha kwamba ligandi yenye pete ya furani katikati, iliyopinda kwa nyuzi 127 hivi, hutoa tufe la paladi 12 na ligandi 24. Ukiweka thiofeni, yenye nyuzi 149 hivi, unapata tufe la paladi 24 na ligandi 48. Walipochanganya ligandi hizo mbili kwa uwiano tofauti, hawakupata mchanganyiko wa matufe mawili: wastani wa pembe ulipovuka kati ya nyuzi 131 na 134, myeyusho wote uligeuka kutoka tufe dogo kwenda kubwa. Kwa hiyo kabla hujanunua kemikali yoyote, chora ligandi yako kwenye programu ya modeli na upime pembe kati ya mistari miwili inayoelekea kwenye metali. Makosa ya nyuzi tatu yanaweza kukupa chombo kingine kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta jozi inayotofautiana kwa umbo peke yake

Kwangu hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi yako itakuwa na maana. Ukilinganisha kizimba cha gali cha chaji 12- na kile cha paladi cha chaji 12+, utaona cha kwanza kinapenda kationi na cha pili kinapenda anioni na molekuli zisizo na chaji. Hilo ni kweli, lakini halikuambii neno kuhusu umbo.

Jozi nzuri ina metali ileile, chaji ileile, ioni pinzani (ile inayosawazisha chaji ya kizimba) ileile, kiyeyushi kilekile, na ligandi zenye vikundi vilevile vya atomi vilivyopangwa tofauti. Kizimba na bakuli la Tokyo vinatimiza karibu masharti yote. Njia nyingine ni kubaki na mwenyeji mmoja na kubadilisha umbo la mgeni. Hiyo ni rahisi zaidi na kwa anayeanza ningeipendekeza.

Kama bajeti ni ndogo, usianze na paladi. Kundi la Jonathan Nitschke huko Cambridge lilitengeneza piramidi ya chuma ndani ya maji kwa kuchanganya asidi ya 4,4'-daiaminobaifenili-2,2'-daisalfoniki, piridini-2-kaboksaldihaidi na salfati ya chuma(II) kwa uwiano wa molekuli 6:12:4, pamoja na haidroksidi ya tetramethiliamoniamu ya kutosha kumaliza asidi. Fanya kazi chini ya naitrojeni ili chuma(II) kisioksidike. Myeyusho hugeuka zambarau iliyokolea. Chaji ya jumla ni 4-, na chuma kilichomo hakina elektroni pweke, hivyo NMR yake (kipimo cha mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku) husomeka kwa urahisi.

Ukiwa na paladi, kumbuka kwamba kipimo kimoja cha NMR hakihitaji mali nyingi. Kizimba cha mwaka 1995 kikiwa na nitrati zake kumi na mbili kina uzito wa takriban gramu 2,990 kwa mola. Mililita 0.6 za myeyusho wa milimola 1 kwa lita zinataka miligramu 1.8 tu.

Tahadhari moja: chumvi za pakloreti za metali hizi zinaweza kulipuka zikikaushwa na kupashwa moto. Tumia nitrati, salfati au tetrafluoroborati.

Hatua ya 3: Pima uvungu, kisha usiuamini ujazo peke yake

Chukua muundo wa fuwele uliopatikana kwa mionzi ya X, au modeli iliyosawazishwa vizuri. Programu kama VOIDOO au MoloVol huviringisha tufe dogo la kubuni ndani ya uvungu na kukupa ujazo wake. Nusu kipenyo cha tufe hilo kwa kawaida ni angstromu 1.4, sawa na molekuli ya maji. Kizimba chenye madirisha mapana kitaliacha tufe litoke nje na hesabu itavurugika. Hapo ongeza ukubwa wa tufe mpaka libaki ndani, tumia ukubwa huo kwa wenyeji wote unaowalinganisha, na uuandike kwenye ripoti. Ujazo usiotajwa tufe lake hauna maana.

Sasa tumia kanuni ya Mecozzi na Rebek ya mwaka 1998: ndani ya myeyusho, mgeni hukaa vizuri akijaza asilimia 55 ya uvungu, pungufu au zaidi kwa 9. Mchemraba wa kobalti wa Ward una uvungu wa takriban angstromu za ujazo 400. Mgeni anayefaa atakuwa na ujazo wa karibu 220, na eneo la kutafutia ni kati ya 184 na 256. Kinachobaki wazi si hasara. Mgeni anahitaji nafasi ya kutikisika na kuzunguka. Ukimbana sana, gharama ya kumnyima mwendo huo huzidi faida ya kugusana na kuta. Wageni wanaoshikwa kwa vifungo imara vya haidrojeni wanaweza kujaza hadi asilimia 70.

Hata hivyo wageni wawili wenye ujazo sawa wanaweza kuwa na bahati tofauti kabisa. Mmoja ni duara, mwingine ni kijiti kinachogonga kuta kabla hajakaa. Zaidi ya hapo, kuta hazifanani kila mahali. Angalia vizimba vya paladi mbili na ligandi nne, ambavyo kundi la Paul Lusby la Edinburgh limevifanyia kazi sana. Karibu na kila paladi kuna atomi za haidrojeni za piridini zinazotazama ndani, na metali imezivuta elektroni zake hadi zimekuwa chanya kiasi cha kushika atomi ya oksijeni. Kuna kundi kama hilo juu na jingine chini. Kwinoni yenye oksijeni mbili kwenye ncha zake, zikiwa mbali kwa umbali unaolingana, hushikwa pande zote mbili kwa pamoja. Mgeni mwenye ujazo uleule lakini oksijeni zote upande mmoja hapati faida hiyo. Kwa hiyo pamoja na ujazo, pima vitu vitatu: umbali kati ya sehemu zinazoshika, upana wa uvungu mahali pembamba zaidi, na ukubwa wa madirisha.

Hatua ya 4: Panga wageni kwa mfuatano

Usichague wageni ovyo kutoka kabatini. Chagua familia inayobadilika kidogo kidogo, ili jibu likibadilika ujue sababu. Kundi la Ward lilifanya hivi kwa ketoni za pete ndani ya maji. Kila kikundi cha CH₂ kilichoongezwa kwenye pete kiliimarisha ushikamano kwa takriban kilojuli 5 kwa mola. Kwa joto la chumba hiyo ni sawa na kuizidisha K mara saba na nusu hivi. Ngazi ilipanda hadi pete ya kaboni 11, saikloundekanoni, iliyofikia K ya takriban 1.2 × 10⁶ M⁻¹, yaani kama kilojuli 35 kwa mola. Pete kubwa zaidi ya hiyo ilianza kushuka, maana uvungu ulikuwa umejaa.

Mfuatano huo unafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Sehemu inayopanda ni kazi ya maji: molekuli za maji zilizo ndani ya uvungu hazina majirani wa kutosha wa kushikana nao, hivyo hufurahia kutoka, na mgeni mwenye mafuta zaidi huwasukuma wengi zaidi. Mahali panapovunjika ngazi ndipo umbo linapoanza kusema. Ukipima wageni watatu tu walio upande wa kupanda, utahitimisha kwamba kikubwa ni bora, na hitimisho hilo litakuwa la uongo. Hakikisha mfuatano wako unavuka kilele.

Kizimba cha gali kina kilele chake pia: hupendelea tetraethiliamoniamu kuliko tetrapropili iliyo kubwa zaidi na tetramethili iliyo ndogo zaidi.

Hatua ya 5: Tenganisha kuingia na kukaa

Madirisha huamua kasi ya mgeni kuingia na kutoka. K huamua wangapi watakuwa ndani baada ya utulivu kufikiwa. Ni maswali mawili tofauti, na umbo linagusa yote mawili. Wageni wa kizimba cha gali ni wapana kuliko madirisha yake, na bado huingia: utafiti wa kundi la Raymond ulionyesha kwamba kizimba hujinyoosha na kulipanua dirisha bila kukata kani kati ya gali na oksijeni.

Katika NMR, mabadilishano ya polepole huonekana kama ishara mbili, ya mgeni aliye huru na ya aliye ndani, na unaweza kupata K kwa kupima maeneo ya chini ya vilele. Mabadilishano ya haraka huonyesha ishara moja inayosogea kadiri unavyoongeza mgeni. Ukipata kilele kipana kinachokaribia kupotea, uko katikati. Badilisha joto la kifaa. Na kama madirisha ni madogo, usipime mara baada ya kuchanganya. Pima, acha sampuli kwenye joto, pima tena, mpaka namba zikome kubadilika.

Mfano wa fosforasi nyeupe unastahili kukaliwa kidogo. Mwaka 2009 kundi la Nitschke lilionyesha kwamba P₄, inayowaka yenyewe hewani, hukaa salama ndani ya ile piramidi ya chuma. Maelezo yao si kwamba oksijeni inazuiwa mlangoni. Oksijeni ikishikana na P₄, kinachozaliwa njiani ni kikubwa kuliko uvungu, hivyo mmenyuko hauna nafasi ya kuendelea. Weka benzini, nayo huchukua nafasi na P₄ hutolewa nje. Hapa umbo halikumchagua mgeni tu. Lilichagua pia kile ambacho mgeni haruhusiwi kuwa. Jaribio hilo si la maabara ya kufundishia, kwa sababu fosforasi nyeupe ni sumu kali. Saikloheksani na saiklopentani huingia kwenye kizimba hichohicho na ndizo za kuanzia.

Hatua ya 6: Fanya titresheni kwa mikolezo inayofaa

Titresheni ni kumwongezea mwenyeji mgeni kidogo kidogo na kupima kila mara. Tengeneza myeyusho wa mwenyeji, tuseme milimola 1 kwa lita. Kisha tengeneza myeyusho wa mgeni kwa kutumia myeyusho huohuo wa mwenyeji kama kiyeyushi. Hivyo kila unapoongeza mgeni, mkolezo wa mwenyeji haubadiliki, na kosa moja kubwa limeondoka.

Fikiria K ya 1,000 M⁻¹. Ukiwa na milimola 1 ya mwenyeji na 1 ya mgeni, asilimia 38 tu ya wenyeji wana mgeni. Ukifikisha mgeni milimola 10, asilimia 90 wamejaa. Mchirizo kati ya sehemu hizo mbili umepinda vizuri na K inasomeka. Sasa fikiria K ya 10⁶ kwa mikolezo ileile: kwa kiasi sawa cha mgeni na mwenyeji, asilimia 97 tayari wamejaa. Grafu itakuwa mistari miwili iliyonyooka yenye kona, na kompyuta itakupa namba yoyote itakayo. NMR ya kawaida ifikie K ya 10⁵ hivi, si zaidi. Juu ya hapo tumia mwanga wa UV au mng'ao kwa mikolezo midogo, kipimo cha joto linalotolewa wakati wa titresheni, au ushindani na mgeni mwingine ambaye K yake unaijua.

Chukua angalau sampuli kumi, nyingi zikiwa mahali grafu inapopinda. Linganisha na modeli ya 1:1 na ya 1:2, na uangalie mabaki baada ya kulinganisha: yakifuata wimbi badala ya kutawanyika, modeli si sahihi. Usitegemee grafu ya Job (ile ya kubadilisha uwiano wa mgeni na mwenyeji huku jumla yao ikibaki ileile) kuamua uwiano. Hibbert na Thordarson walieleza vizuri mwaka 2016 kwa nini inapotosha katika kazi za aina hii. Kizimba cha mwaka 1995 chenyewe kilikuwa na uwezo wa kubeba anioni nne za kaboksilati ya adamantani, kwa hiyo usichukulie 1:1 kuwa jambo la kujipa.

Kwa kobalti, jiandae: elektroni zake pweke hutawanya ishara za NMR kutoka karibu -100 hadi +100 ppm. Panua eneo la ppm ambalo kifaa kinasoma, la sivyo utadhani sampuli haina kitu. Mtawanyiko huo ni faida, kwani vilele havilaliani.

Hatua ya 7: Chunguza anayekaa kwenye kiti cha mgeni wako

Kizimba chenye chaji hakiwi kitupu kamwe. Kina kiyeyushi, na mara nyingi kina ioni pinzani. Kundi la Lusby lilipoondoa ioni pinzani ya triflati na kuweka anioni kubwa ya borati isiyoweza kuingia, ndani ya daikloromethani, kizimba cha paladi kilianza kushika kwinoni kwa nguvu iliyofika K ya 10⁸ M⁻¹ kwa wageni bora. Umbo la kizimba halikuguswa. Kwa hiyo kabla hujasema "umbo hili halishiki", pima tena kwa ioni pinzani kubwa, na kama inawezekana kwa kiyeyushi ambacho molekuli zake ni kubwa mno kwa uvungu huo.

Thibitisha pia kwamba mgeni yuko ndani kweli. Kipimo cha NMR kiitwacho DOSY, cha kasi ya molekuli kutawanyika, kitaonyesha mgeni na mwenyeji wakisafiri kwa kasi moja; kingine, NOESY, kitaonyesha haidrojeni zilizokaribiana. Spektra ya masi peke yake haitoshi, maana ioni zinaweza kugandana nje ya kizimba wakati wa kupuliziwa.

Hatua ya 8: Tenganisha mchango wa umbo kwa hesabu ya tofauti mbili

Nishati huru ni -RT ln K; kwa nyuzi joto 25 kila mara kumi ya K ni kilojuli 5.7 kwa mola. Tuseme mgeni wa duara ana K ya 10,000 kwenye kizimba na 1,000 kwenye bakuli, na mgeni bapa mrefu ana 200 kwenye kizimba na 2,000 kwenye bakuli. Uwiano wa kwanza ni 10, wa pili ni 0.1, na uwiano wa viwili hivyo ni 100. Hiyo ni kilojuli 11.4 kwa mola, na ndiyo namba ya kuripoti kama mchango wa umbo. Kama bakuli lingekuwa linashika kila mgeni kwa udhaifu uleule kuliko kizimba, uwiano wa viwili ungekuwa 1, na ungejua tofauti inatoka kwenye kiyeyushi, chaji au ioni pinzani.

Mwisho, ikiwa ishara za wenyeji wako wawili hazilaliani, waweke pamoja kwenye mrija mmoja na mgeni mchache asiyewatosha, ili uone moja kwa moja anaelekea wapi. Jaribio hili huondoa makosa ya kupima mikolezo mara mbili. Ila kwanza changanya wenyeji hao bila mgeni na uwaache usiku kucha kwenye joto utakalotumia. Ligandi za paladi hubadilishana, na ukiona ishara mpya asubuhi, una chombo cha tatu ambacho lazima kitambuliwe kabla mgeni hajawekwa.